Breki za Mukashema

Siku ya soko pale Bweremana, wanaume wanaoshuka na baiskeli kutoka vilimani ni wengi mno. Mwanamke alikuwa mmoja tu, na jina lake lilikuwa Mukashema. Waliomjua walimwita Mama Astrid, kwa jina la binti yake wa kwanza. Wasiomjua walimwita mama wa kinga, maana kinga ndilo jina la baiskeli katika Kiswahili cha Masisi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miaka arobaini na moja, na sauti yake ilifika upande wa pili wa soko bila yeye kupiga kelele.

Shamba lao la migomba liko juu ya mlima, na ziwa liko chini. Mukashema alishuka na mikungu minne ya ndizi, akauza, akapanda na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa, chumvi na sabuni. Kupanda hakukumtisha. Kupanda ni kusukuma tu, jasho likutoke, ufike. Kushuka ndiko kulikovunja watu.

Hilo alilijua kwa mwili wake mwenyewe. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili, bado bibi harusi, alichukua kinga ya mumewe Viateur akashuka nayo sokoni. Haikuwa na breki, au freni kama wanavyosema kule. Kinga za mlimani nyingi hazikuwa nazo. Mtu alifunga mwendo kwa kukanyaga tairi la nyuma na kandambili, na mpira ukanuka moshi hadi bondeni. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, kandambili ikakatika, na Mukashema akaingia mtaroni na ndizi zake zote. Alipoinuka, meno mawili ya mbele yalikuwa yamebaki kwenye matope.

Tangu hapo akajiwekea masharti, na hakuyavunja hata siku alizochelewa. Kabla ya kupakia mzigo, alinyanyua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa mkono, akabana breki. Kisha la mbele. Mpira wa breki aliubadilisha kabla haujaisha, si baada ya kuisha. Waya aliubadilisha kila mvua za Septemba zilipoanza. Mzigo haukupita upana wa viwiko vyake, na nyuma yake kilining'inia kitambaa chekundu. Pale mlima unapoinama sana alishuka, akatembea. Akifika barabara kubwa alishika ukingo wa kulia, na kwenye kila kona aliacha kukanyaga, akasikiliza.

Wanaume walimpita wakicheka. "Mama Astrid, utafika soko imekwisha!"

"Nitafika na meno yenye ilibakia," aliwajibu.

Kulikuwa na jambo jingine alilojifunza, nalo alilijifunza kwa kaka yake Paul. Paul aligongwa na lori kwenye barabara hiyohiyo ya ziwa. Watu walimfukuza dereva kwa mawe, akatoweka na lori lake, na hakuna aliyekumbuka hata namba yake. Damu ikamwagiwa maji, kinga ikauzwa chuma chakavu. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Paul alitoka hospitali na mkono wa kulia usioweza kushika jembe, na hadi leo haushiki. Baada ya hapo Mukashema alikwenda siku mbili parokiani kumsikiliza Augustine, mwalimu mstaafu wa kamati ya Haki na Amani, akiwaeleza watu sheria. Aliandika kila kitu kwenye daftari la Astrid la hesabu.

Sasa ikaja Ijumaa moja, miaka miwili kabla ya volkano ya karibu na Goma kulipuka mwaka 2021.

Asubuhi ilikuwa kavu. Mukashema alikuwa ameshauacha mlima, yuko kwenye barabara kubwa, ziwa upande wake wa kulia. Alikaribia kona iliyo karibu na mahali Drocella, mwanamke wa kijiji cha jirani, anapouzia parachichi. Kama kawaida akaacha kukanyaga, akasikiliza. Akasikia mngurumo wa magari mawili badala ya moja. Akabana breki, akasimama, akaweka mguu wa kulia kwenye majani, akaivuta kinga karibu na mwili wake ili yeyote atakayekuja apate nafasi.

Kamiyo, lori kubwa lililojaa mchanga, ikatokea kwenye kona, ikipanda polepole. Nyuma yake ikatoka pick-up nyeupe iliyopakia saruji na mafuta ya kupikia; haikungoja kona iishe. Ikaipita kamiyo, ikaja moja kwa moja upande wa Mukashema. Aliona uso wa dereva, mdomo wazi, mikono ikizungusha usukani. Pembe ya mbele ya gari ikaupiga mzigo, kinga ikaruka, na Mukashema akaanguka na mguu wa kushoto chini ya chuma. Alisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu.

Drocella alifika wa kwanza, parachichi zake zikibingirika barabarani. Wa pili alikuwa dereva mwenyewe, mwanamume wa miaka thelathini hivi. Jina lake Archange. Alitoka Pinga, kule ndani Walikale, ambako watu huenda kwa pikipiki, na gari alilizoea ukubwani. Kisha watu wakajaa. Inashangaza jinsi barabara isiyo na mtu inavyoweza kutoa watu hamsini kwa dakika moja. Mmoja akaokota jiwe, wa pili akaokota jingine, mtu akamshika Archange kwenye ukosi wa shati.

"Mumuache!"

Ilikuwa sauti ya Mukashema, kutoka chini. Waliomshika Archange wakageuka.

"Musimupige! Mukimupiga atakimbia, na gari itakimbia naye. Mimi nitabakia na mguu ya kuvunjika, nitauliza nani? Muliona ya Paul. Mumuache!"

"Mama, alitaka kukuua," alisema mwenye jiwe.

"Njo maana ninamutaka hapa, muzima, na mudomo ya kusemea. Hiyo majiwe musiitupe. Muilete ku barabara. Muweke jiwe moja ku kila mupira ya gari, pale inasimama. Kisha muweke ingine pale kinga yangu ililala. Nani iko na telefone yenye inapiga foto?"

Watu walitazamana. Mwanamke aliyelala chini na mguu uliopinda mahali pasipo na goti alikuwa akiwagawia kazi kama anasimamia mavuno. Wakaanza kuzifanya. Jiwe likawekwa mbele ya kila tairi. Msimamizi wa kwaya mmoja, aliyekuwa na simu nzuri, akapiga picha: gari, kinga, kona, namba ya gari, na mistari ya matairi kwenye vumbi. Mukashema akamwambia apige na kitambaa chekundu pia. Ndipo akageuza macho kwa Archange.

"Jina yako?"

"Archange, mama."

"Archange, gari ni ya nani?"

"Ya Papa Mbusa. Iko na magazini ya kuuzisha saruji na mafuta, Goma na hapa Bweremana."

"Sawa. Foto imekwisha. Sasa unipeleke ku lopitali na hiyo gari yako. Na uende polepole."

Wakampakia juu ya magunia ya saruji. Drocella akabaki konani kuyalinda mawe mpaka polisi wa barabarani walipokuja na pikipiki. Kinga aliichukua Viateur alasiri, na amri aliyopewa kutoka kitandani ilikuwa fupi: aitie ndani, asiinyooshe, asifungue hata nati moja.

Daktari alikuta mifupa miwili ya mguu imevunjika. Wakaunyoosha, wakaufunga plasta ngumu nyeupe kutoka paja hadi vidole. Mukashema aliuma shuka, hakulia. Kabla daktari hajatoka alimwomba amwandikie karatasi inayosema ni nini kimevunjika na ni siku ngapi hataweza kufanya kazi. Daktari akasema wataiandika siku ya kutoka.

"Daktari, unaweza kusahau, na mimi naweza kusahau. Karatasi njo haisahau."

Daktari akacheka, akaiandika.

Siku ya tatu Mbusa alikuja mwenyewe. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu wa makamo, mnene, mwenye viatu safi na rozari iliyochungulia mfukoni mwa shati. Alileta mchele, sukari na sabuni, akavitandaza kwenye meza ndogo kwa heshima. Alimpa pole ya kweli. Kisha akatoa karatasi iliyopigwa chapa.

"Mama Astrid, depanse yote ya lopitali iko juu yangu, nitalipa. Usihangaike. Uweke kidole tu hapa, tuishi kama batu ya ujirani."

"Papa Mbusa, ninajua kusoma. Uilete."

Ilikuwa kwa Kifaransa. Mukashema alikuwa amefika mwaka wa tatu wa sekondari kabla ada haijamshinda baba yake, na Kifaransa chake kilikuwa kimelala muda mrefu, lakini hakikuwa kimekufa. Akasoma polepole, kwa sauti, kidole chini ya kila neno, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanyamaza wasikilize. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba yeye anaacha madai yote, ya sasa na ya baadaye, akasimama. Akairudia ile mistari miwili, kisha akaikunja karatasi vizuri na kumrudishia.

"Ya lopitali, aksanti. Ya mchele na sukari, aksanti sana. Kwa hii, kidole yangu haitagusa."

"Mama, mimi siko mutu mubaya."

"Sikusema uko mubaya. Nasema mguu haiyapona, na hakuna mutu anajua itapona namna gani. Nitaacha namna gani kitu chenye sijakiona?"

Mbusa akatazama dirishani kidogo. "Kinga zenu njo zinaleta hii taabu," alisema hatimaye, si kwa ukali, kama mtu aliyechoka. "Zinashuka bila freni, zinaingia mu magari. Kila mwaka."

"Yangu ilikuwa na freni."

"Batu yote banasema vile."

Akaaga, akaondoka, akauacha mchele.

Augustine alikuja Jumapili baada ya misa. Alikagua karatasi ya daktari, akamwambia kila risiti ya dawa iwekwe kwenye bahasha moja, na kwamba gari lile, kama lina karatasi za asiransi, yaani bima, basi asiransi ndiyo inayopaswa kumlipa aliyegongwa. Alifurahi mno kusikia habari ya mawe na picha hata akapiga makofi wodini. Lakini Paul naye alikuja, akakaa pembeni ya kitanda na mkono wake mlegevu juu ya paja, na maneno yake yalikuwa mengine.

"Dada, ukubali chenye alileta. Kesi ni ya batu ya pesa. Watakuzungusha mpaka utachoka."

Wiki ya sita plasta ilipofunguliwa na daktari akampima, mguu wa kushoto ukaonekana umekuwa mfupi kwa upana wa kidole. Alijitazama akisimama amepinda, na kwa mara ya kwanza akalia, peke yake, uso kwenye kanga, akifikiri mlima wa kwao na mikungu minne ya ndizi. Alilia mpaka ikatosha. Kisha akapangusa uso, akaomba fimbo, akaanza kuhesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni.

Jioni hiyo ndipo alipomjibu Paul, "Nitachoka, ndiyo. Lakini nitachokea mu njia. Siyo mu kitanda."

Mwezi wa tatu baada ya ajali wakaitwa kwenye kituo cha polisi pale Bweremana. Chumba kilikuwa kidogo, benchi mbili na meza moja. Ofisa anayeandika kesi aliitwa Kanyamibwa, mtu mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mbusa alikuwepo na Archange. Kutoka Goma alikuja bwana mmoja wa asiransi na mkoba wake wa ngozi. Mukashema aliingia na fimbo, Viateur nyuma yake, Augustine na Drocella wakifuata.

Bwana wa asiransi aliisoma ripoti ya polisi, ile wanayoiita peve. Kona ilikuwemo. Mawe yalikuwemo, na picha. Kisha akafika kwenye sentensi moja akaipandisha sauti kidogo: kwamba kinga ilikuwa haina breki, na mwendeshaji alishindwa kusimama.

"Kwa hiyo," alisema akivua kifuniko cha kalamu, "kosa ni ya pande mbili. Ao zaidi ya mama."

Mukashema akaweka mikono miwili juu ya fimbo.

"Papa Kanyamibwa, naomba kuuliza. Nani aliona kinga yangu?"

Ofisa akapekua karatasi. "Polisi walifika pale..."

"Walifika. Drocella alikuwapo. Mama Drocella, walishika kinga?"

"Walipima majiwe," alisema Drocella. "Kinga walipita pembeni yake. Hakuna mutu aliiinamia."

Kanyamibwa akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Alikuwa mtu mkweli kwa sehemu kubwa, na sasa uso ulimwiva. "Kinga za mulima hazikuwake na freni," alisema. "Njo vile tunaandikaka."

"Yangu iko nayo. Iko nyumbani, ndani ya chumba ya mbuzi. Tangu siku ile haijaguswa. Bwana yangu ataenda kuileta."

"Sasa?" aliuliza bwana wa asiransi.

"Sasa. Tutangoja."

Wakangoja. Viateur alipanda mlima na kushuka, na ilimchukua saa mbili na zaidi. Bwana wa asiransi alitazama saa yake mara nyingi, akaenda kununua maandazi, akarudi. Mbusa alikaa akizungusha rozari. Archange alitazama sakafu tu. Mukashema alinyoosha mguu wake mbele yake akangoja kama mtu anayengoja maji yachemke, bila haraka, akijua yatachemka.

Viateur akaingia na kinga begani, jasho likimtiririka. Usukani ulikuwa umepinda, gurudumu la mbele limekuwa kama yai, vumbi na mavi ya mbuzi kila mahali. Lakini gurudumu la nyuma lilikuwa zima, na waya wa breki ulikuwa bado umenyooka kutoka kwenye usukani hadi chini.

"Uinyanyue," Mukashema alimwambia mumewe. "Papa Kanyamibwa, uzungushe mwenyewe, kisha ubane."

Kanyamibwa akatoka nyuma ya meza. Akazungusha gurudumu kwa nguvu, spoku zikapotea machoni, akabana. Gurudumu likasimama palepale. Akarudia, kwa nguvu zaidi. Likasimama. Akaiinamia mipira ya breki, akaipima kwa ukucha.

"Hii haina hata mwaka," alisema taratibu.

"Miezi mbili kabla ya ile Ijumaa," alisema Mukashema. "Fundi wa soko ataikumbuka. Alinicheka, akisema ya zamani ilikuwa bado."

Bwana wa asiransi naye akasimama. Hakuamini mkono wa polisi. Akaweka mkoba chini, akakunja mikono ya shati, akazungusha mwenyewe, akabana mwenyewe, na mafuta meusi yakampaka kidoleni. Aliporudi kukaa, alikuwa na maneno machache kuliko alipoinuka.

Hapo ndipo Archange alipoinuka. Hakuna aliyemwita.

"Papa Mbusa, unisamehe," alisema. "Nilikuambia aliingia mu gari. Siyo. Huyu mama alikuwa amesimama, mguu ku majani. Mi njo nilipita kamiyo mu kona. Niliona mutumbwi ya kupakia ile mafuta itaniacha, nikapita."

Mbusa akamgeukia polepole. "Na sasa njo unasema?"

"Siku ile batu walikuwa na majiwe mu mikono. Niko na batoto tatu Pinga. Ni yeye aliwakataza, papa. Amelala chini, anakataza. Tangu siku ile silale muzuri."

Mbusa hakupiga kelele. Alimtazama Archange, akaitazama ile kinga iliyopinda katikati ya chumba, mwisho akamtazama Mukashema.

"Mama Astrid," alisema, "kubishana nawe ni taabu. Lakini kinga yako iko sawa."

Kanyamibwa akachukua karatasi mpya.

Mtu akidhani siku hiyo kila kitu kiliisha, hajawahi kudai kitu ofisini. Ilichukua miezi saba mingine. Mukashema alikwenda Goma mara nne, akapanda ngazi za ofisi ya asiransi, ghorofa ya pili, kwa fimbo, akaambiwa aje wiki ijayo. Mara mbili walimwomba karatasi alizokwisha kuwapa, na mara mbili akazitoa tena kwenye bahasha, kwa sababu Augustine alimfundisha kutoacha karatasi ya kwanza, kuacha nakala tu. Mara ya tatu katibu wa pale alimkuta mlangoni kabla ofisi haijafunguliwa, akasema, "Mama, wewe tena?" Mukashema akamjibu, "Mimi tena. Na wiki kesho mimi tena, mukitaka."

Walipolipa, walilipa matibabu yote, siku ambazo hakufanya kazi, na kitu fulani kwa ajili ya mguu. Hicho cha mguu kilikuwa pungufu ya alichokiandika Augustine. Mukashema alikifikiria siku tatu, akamuuliza Viateur, akamuuliza Astrid aliyekuwa anamaliza sekondari, kisha akatia saini. Safari hii alikuwa amesoma kila mstari, na alijua anachokiacha na anachokichukua. Katika fedha ile, kwanza akampeleka Paul kwa daktari wa mifupa Goma. Daktari alisema mkono hautarudi, lakini alimfundisha mazoezi ya kuondoa maumivu, na maumivu yakapungua. Paul alisema hilo tu lilimtosha, ingawa dada yake halikumtosha.

Kununua kinga nyingine kulikuwa juu ya Mbusa, kwani aliahidi mwenyewe. Akaituma mpya, inang'aa, na karatasi za plastiki bado zimezunguka chuma. Mukashema akainyanyua, akazungusha, akabana, akairudisha. Mbusa alikuja mbio.

"Mama, ni mupya! Haiyapakia hata kilo moja!"

"Mupya, ndiyo. Lakini haisimame."

Wakaenda pamoja kwa fundi wa soko. Mfanyabiashara mwenye viatu safi alisimama juani saa nzima akitazama mipira ikibadilishwa na waya ukivutwa, na mara mbili Mukashema alisema bado. Mwisho Mbusa mwenyewe akanyanyua gurudumu, akabana, akatabasamu bila kutaka. Baadaye watu waliona pick-up zake zote mbili zimepelekwa kwa makanika wiki hiyohiyo. Archange alikaa bila kazi miezi miwili, kisha akaitwa arudi. Mbusa aliwaambia waliomuuliza kwamba dereva anayesema kweli mbele ya polisi hatamwibia mafuta.

Mukashema hakurudi kupakia mikungu minne. Mguu ulikataa. Anapakia miwili, na kwenye mwinuko anapumzika mara tatu. Lakini chama cha watu wa kinga pale Bweremana, wanaume watupu, kilimwita, kikamwomba asimame kila siku ya soko pale njia ya mlima inapoanza kushuka, akague breki. Mwenyekiti alisema ni bora kugombana na Mama Astrid kuliko kugombana na bwana wa asiransi. Wa kwanza kurudishwa alikuwa Viateur, waya wake umefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Mama Astrid, mimi ni bwana yako," alisema kwa sauti ya chini, watu wakisikia wote.

"Na ninakutaka muzima. Ushushe ndizi."

Akazishusha. Mwaka ule walioanguka mlimani walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa wamepita kwa njia ya pembeni ili wasimkute.

Majuzi alikuja mwanamke kutoka upande wa Shasha, anaitwa Jeannette. Mumewe alikuwa amegongwa na pikipiki siku tatu nyuma, na familia ya mwenye pikipiki ilikuwa imeleta mbuzi. Alikaa kwenye benchi ya Mukashema, ameshika kanga yake kwa mikono miwili, akasema hajui kama amkubali yule mbuzi.

"Mbuzi iko wapi?"

"Kwetu. Inakula viazi vyangu."

"Muache ikule. Muliweka saini ku kitu?"

"Hapana."

"Kinga ya bwana yako iko wapi?"

"Baba mukwe alitaka kuitengeneza leo."

"Umupigie simu sasa hii. Umuambie aache."

Jeannette akapiga. Mukashema akaingia ndani, akatoka na daftari kuukuu na kalamu, akamwambia aeleze tangu mwanzo, polepole, nani alikuwa upande gani. Wakaandika mpaka kurasa mbili zikajaa. Asubuhi yake wakashuka pamoja kwenda polisi, Jeannette kwa miguu, Mukashema akiisukuma kinga yake pembeni yake, na walipofika barabara tambarare akampakia Jeannette nyuma, akashika ukingo wa kulia.